Ujira wa Saa Moja Bustanini: Namna ya Kupanga Kiwango Kinachomtendea Haki Mtunza Bustani na Mwenye Nyumba

Masika yanapoanza, nyasi katika kata za Usa River, Maji ya Chai, Akheri na Poli hukua kwa kasi. Kazi za kufyeka, kupogoa fensi za michongoma, kupalilia maua na kuzoa majani huongezeka katika makazi ya watu, nyumba za wageni, shule na nyumba za ibada. Wengi wa wanaofanya kazi hizo wamejiajiri. Hawana mwajiri mmoja, hubeba vifaa vyao wenyewe, na hupatana bei na kila mteja kwa wakati wake. Swali linalowasumbua wao, na linalowasumbua pia wakazi wanaowaita, ni moja: saa moja ya kazi ya bustani ni shilingi ngapi?

Halmashauri haipangi bei ya kazi ya mtu aliyejiajiri. Bei hiyo ni makubaliano ya pande mbili. Hata hivyo, makubaliano huwa ya haki pale pande zote mbili zinapofahamu bei imejengwa na nini. Makala haya yanaeleza hesabu hiyo hatua kwa hatua. Viwango vinavyotumika hapa ni mfano wa kufundishia tu, na kila mtunza bustani anapaswa kuweka tarakimu zake mwenyewe.

Hesabu inayopotosha

Watunza bustani wengi huanza na mshahara wa mwezi. Mtu anayetaka kubaki na shilingi 300,000 kwa mwezi kwa ajili ya kaya yake hujilinganisha na mwajiriwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka ukomo wa saa 45 za kawaida za kazi kwa wiki, ambazo kwa mwezi ni saa 195. Shilingi 300,000 zikigawanywa kwa saa 195 hutoa takribani shilingi 1,540. Mtunza bustani hutaja kiwango hicho, mteja huona ni nafuu, na kazi huanza.

Kasoro ya hesabu hiyo ni kwamba mwajiriwa na aliyejiajiri hawalipwi kwa namna moja. Mwajiriwa hulipwa saa zote anazokuwa kazini, zikiwemo zile anazosubiri kupewa kazi. Vifaa hununuliwa na mwajiri. Akiugua, sheria inampa likizo ya ugonjwa. Mwajiri humchangia katika hifadhi ya jamii, na pia huchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao humfidia mfanyakazi anayeumia akiwa kazini. Aliyejiajiri hugharamia yote hayo mwenyewe, tena kutoka katika saa zile tu ambazo mteja amemlipa.

Hatua ya kwanza: gharama za mwaka

Hesabu sahihi huanza na mwaka mzima, kwa kuwa gharama nyingi za bustani hazionekani katika siku moja. Panga huchakaa taratibu, na mashine hudai kisu kipya wakati usiotarajiwa. Katika mfano wetu, mtunza bustani anahitaji shilingi 3,600,000 kwa mwaka kwa ajili ya kaya yake, yaani shilingi 300,000 kila mwezi. Juu ya kiasi hicho zipo gharama za kazi kwa mwaka:

- Kununua na kubadilisha panga, slesha, jembe, reki na mikasi ya kupogolea: shilingi 90,000.
- Mashine ya kukatia nyasi ya shilingi 450,000 inayotarajiwa kudumu miaka mitatu: shilingi 150,000 kwa mwaka.
- Matengenezo ya mashine na visu: shilingi 120,000.
- Petroli na oili: shilingi 360,000.
- Usafiri wa kwenda kazini na kurudi: shilingi 240,000.
- Vocha za simu: shilingi 60,000.
- Mabuti, glavu na miwani ya kukinga macho: shilingi 60,000.
- Akiba ya uzeeni na ya matibabu: shilingi 360,000.

Jumla ya gharama hizo ni shilingi 1,440,000. Zikijumlishwa na mahitaji ya kaya, kazi ya mwaka mzima inapaswa kuingiza shilingi 5,040,000.

Wengi huiondoa akiba ya uzeeni na ya matibabu wakidhani ni anasa. Lakini kazi ya bustani hutegemea mgongo, mikono na macho. Jiwe dogo linaloruka kutoka kwenye kisu cha mashine laweza kumweka mtu nyumbani mwezi mzima, na aliyejiajiri hana mfuko wa fidia wa kumpokea. Akiba hiyo, kwa hiyo, ni gharama ya kazi kama ilivyo petroli. Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) hupokea michango ya watu waliojiajiri, na taratibu za kujiunga hupatikana katika ofisi zake.

Hatua ya pili: saa zinazolipwa kweli

Mwaka una wiki 52, lakini si zote za kazi. Katika mfano huu tunatoa wiki mbili za ugonjwa na mapumziko, wiki mbili za sikukuu na misiba, na wiki sita zinazopotea kwa mvua kubwa au kwa uhaba wa kazi wakati wa kiangazi. Zinabaki wiki 42. Kwa saa 45 za wiki, mtunza bustani atakuwa katika shughuli zake kwa saa 1,890.

Hata hizo hazilipwi zote. Kuna muda wa kutembea kutoka nyumba moja hadi nyingine, kwenda kuangalia eneo na kupatana bei, kunoa vifaa, kupeleka mashine kwa fundi, na kurudi mara ya pili au ya tatu kufuata malipo. Tukikadiria kwamba theluthi moja ya muda huishia huko, saa zinazolipwa ni 1,260 tu kwa mwaka.

Shilingi 5,040,000 zikigawanywa kwa saa 1,260 hutoa shilingi 4,000 kwa saa. Hicho ndicho kiwango kinachomwezesha mtu huyu kubaki na shilingi 300,000 zake.

Sasa tutazame kinachompata anayetoza shilingi 1,540. Kwa saa zilezile 1,260 ataingiza shilingi 1,940,400 kwa mwaka. Akitoa gharama za shilingi 1,440,000, anabaki na shilingi 500,400, ambazo ni shilingi 41,700 kwa mwezi. Mtu anayeamini kuwa anapata laki tatu huishi kwa chini ya elfu arobaini na mbili. Kwa kuwa fedha humpitia mkononi kila siku, hatambui tofauti hiyo mpaka mashine inapokufa akakosa fedha ya kununua nyingine. Ndiyo sababu wapo wanaoanza kazi hii kwa bidii na kuiacha baada ya muda mfupi, huku mwenye nyumba akilazimika kutafuta mtu mpya kila msimu.

Hatua ya tatu: saa ya mkono na saa ya mashine

Si haki kumtoza mteja aliyehitaji kupaliliwa maua kwa jembe gharama za mashine ambayo haikuwashwa kwake. Inafaa kuwa na viwango viwili.

Katika mfano wetu, mashine peke yake, yaani ununuzi, matengenezo na mafuta, hugharimu shilingi 630,000 kwa mwaka. Tukiiondoa, zinabaki shilingi 4,410,000, ambazo kwa saa 1,260 ni shilingi 3,500. Hiyo ni bei ya saa ya mkono. Mashine ikitumika katika theluthi ya saa zinazolipwa, yaani saa 420, gharama yake ni shilingi 1,500 kwa saa. Kwa hiyo saa ya mashine ni shilingi 5,000.

Mteja anaweza kushtushwa na shilingi 5,000, lakini ujira wa saa si gharama ya kazi nzima. Chukua kiwanja kinachofyekwa kwa slesha kwa saa nne na kukusanywa nyasi kwa saa moja. Kwa mkono, gharama ni saa tano kwa shilingi 3,500, yaani shilingi 17,500. Kwa mashine, kukata huchukua saa moja na nusu, ambayo ni shilingi 7,500, na kukusanya nyasi kwa reki huongeza shilingi 3,500. Jumla ni shilingi 11,000. Saa imekuwa ghali zaidi lakini kazi imekuwa nafuu, naye mtunza bustani anapata nafasi ya kwenda nyumba ya pili siku hiyohiyo.

Kutoka ujira wa saa hadi bei ya kazi

Katika kata nyingi za wilaya, wateja hupendelea kupatana bei ya kazi nzima, na utaratibu huo hauna ubaya. Kinachotakiwa ni bei hiyo itokane na makadirio ya saa. Kabla ya kutaja bei, mtunza bustani alizunguke eneo, atazame urefu wa nyasi, mteremko, mawe na umbali wa mahali pa kutupa taka, kisha akadirie saa na kuzizidisha kwa ujira wake. Samadi, udongo, miche na dawa ni vizuri vitajwe kando ya ujira, ili kila upande ujue nini ni malipo ya kazi na nini ni gharama ya bidhaa.

Inafaa pia kuwe na ujira wa chini kwa kila wito, kwa mfano wa saa mbili. Anayeitwa kutoka Maji ya Chai kwenda Usa River kukata kipande cha nyasi kwa nusu saa hawezi kulipwa nusu saa tu, kwa kuwa safari imemla muda mrefu kuliko kazi.

Kwa wateja wa kudumu, makubaliano ya mwezi husaidia. Nyasi hukua haraka wakati wa masika na vuli, na kiangazi kazi kubwa huwa kumwagilia na kupogoa. Pande mbili zinaweza kukadiria saa za mwaka mzima, kuzigawa kwa miezi 12, na kulipana kiasi kilekile kila mwezi. Mteja hapatwi na mzigo mkubwa wakati wa mvua, na mtunza bustani hakosi kabisa kipato wakati wa jua.

Bei ikionekana kubwa

Mkazi ana haki ya kusema kiwango kimezidi uwezo wake. Jibu la haraka huwa kupunguza ujira, na kinachokatwa kwanza huwa akiba na vifaa vya kinga. Ipo njia nyingine isiyomuumiza mtu, nayo ni kupunguza saa zisizolipwa.

Turudi kwenye mfano. Muda unaopotea ukishuka kutoka theluthi moja hadi robo ya saa 1,890, saa zinazolipwa huongezeka hadi takribani 1,417. Shilingi 4,410,000 zikigawanywa kwa saa hizo, saa ya mkono hushuka kutoka shilingi 3,500 hadi takribani shilingi 3,110, bila mtunza bustani kupoteza hata shilingi moja ya kipato chake.

Punguzo hilo hutegemea wakazi kama linavyomtegemea mtunza bustani. Majirani wa kitongoji kimoja wakipanga siku moja ya usafi wa bustani zao, humwondolea safari za mara kwa mara. Mteja anayeeleza kazi yake yote kwa mara moja humwokolea safari ya pili. Na anayelipa siku ambayo kazi imekamilika huondoa muda wa kudaiana, ambao mwishowe hulipiwa na wateja wote, wakiwemo wanaolipa kwa wakati.

Aliyejiajiri au mwajiriwa?

Baadhi ya wakazi humwita kibarua mtu ambaye, kisheria, ni mwajiriwa wao. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kinaeleza mazingira ambamo mtu huchukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Miongoni mwa mazingira hayo ni kufanya kazi chini ya maelekezo na udhibiti wa mwingine, kupewa vifaa vya kazi na mwingine, kumtegemea mtu huyo kiuchumi, kumfanyia kazi mtu mmoja tu, au kumfanyia kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Saa 45 kwa mwezi ni kama saa kumi na nusu tu kwa wiki.

Kwa hiyo mtunza bustani anayefika katika nyumba moja kila asubuhi, akatumia jembe na mpira wa maji wa mwenye nyumba na kufuata ratiba aliyopangiwa, anaweza kuwa na haki za mwajiriwa hata kama pande zote mbili humwita kibarua. Hapo kima cha chini cha mshahara hutumika. Amri ya Mshahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 1, 2023, iliweka kima cha chini cha sekta ya kilimo kuwa shilingi 140,000 kwa mwezi, ambazo kwa saa 195 ni takribani shilingi 718 kwa saa. Viwango hutofautiana kwa sekta na hurekebishwa na Serikali, hivyo ni vema kuuliza kiwango kinachotumika sasa katika ofisi ya kazi.

Kima hicho hakipaswi kutumiwa kumpangia bei mtu aliyejiajiri. Kimewekwa kwa mfanyakazi ambaye vifaa, likizo na michango yake vinabebwa na mwajiri. Kumlipa aliyejiajiri ujira wa saa wa mwajiriwa ni kumwachia mzigo wa mwajiri bila fedha ya kuubebea.

Daftari, kodi na madai

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mtunza bustani hahitaji zaidi ya daftari la kawaida lenye tarehe, jina la mteja, saa alizotoka na kurudi nyumbani, saa alizofanya kazi, malipo na matumizi. Wiki nne za kuandika bila kuruka siku zitamwonyesha ni sehemu gani ya muda wake hailipwi, na hapo atapanga ujira kwa ushahidi.

Daftari husaidia pia katika kodi. Kwa viwango vya Sheria ya Kodi ya Mapato vilivyotumika mwaka 2024, mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi shilingi 4,000,000 hakudaiwa kodi ya mapato. Mwenye mauzo yaliyozidi hapo hadi shilingi 7,000,000 alilipa shilingi 100,000 kama hana kumbukumbu, au asilimia 3 ya kiasi kilichozidi milioni nne kama anazo. Kwa mauzo ya shilingi 5,040,000, mwenye kumbukumbu angelipa shilingi 31,200, sawa na shilingi 25 hivi kwa kila saa inayolipwa. Izingatiwe kuwa kinachotazamwa ni mauzo yote kabla ya kutoa gharama. Viwango vya mwaka husika huulizwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA).

Kuhusu madai, makubaliano ya mdomo yanatambuliwa na sheria, lakini ni vigumu kuyathibitisha. Karatasi moja yenye maelezo ya kazi, bei, tarehe ya malipo na sahihi mbili huzuia ugomvi mwingi. Ujumbe wa simu unaotaja mambo hayohayo ni bora kuliko kutokuwa na chochote. Suluhu ikishindikana, madai ya fedha ya mtu aliyejiajiri hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo. Migogoro ya mwajiri na mwajiriwa hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Huduma zilizopo katika kata

Watunza bustani wanaotaka kumiliki mashine kwa pamoja wanaweza kuunda kikundi na kukisajili. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Mashine inayotumiwa na watu watano hufanya kazi saa nyingi zaidi kwa mwaka, hivyo sehemu ya gharama yake ya ununuzi katika kila saa hupungua. Wanakikundi wakubaliane mapema kuhusu zamu, mafuta na fedha ya matengenezo.

Mwenye kuhitaji maelekezo ya kuunda kikundi, masharti ya mkopo au namna ya kutunza kumbukumbu afike kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yake, au katika ofisi ya Mtendaji wa Kata, saa za kazi. Ni vizuri aende na daftari lake, hata kama lina kurasa chache tu.